Nne kwa Nne: Kisa cha Peugeot 404 na Datsun Violet katika Safari Rally

Hesabu yenyewe haina utata. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1963, ikarudi na kushinda mara tatu mfululizo katika miaka ya 1966, 1967 na 1968. Datsun Violet, ambayo katika masoko mengi ya nje iliuzwa kwa jina la 160J, ilishinda mwaka 1979 na haikumwachia mtu kombe hadi mwaka 1982 ulipopita. Nne kwa nne. Kwa kuwa idadi zinalingana, wapenzi wa magari ya zamani wamejikuta na bishano lisilokwisha: ni gari lipi kati ya haya mawili linalostahili kuitwa gari la Safari? Wazee waliosimama kando ya barabara katika miaka ya 1960 hujibu kabla swali halijaisha, na waliokuwa vijana wakati wa Shekhar Mehta, dereva wa Violet, hujibu upesi vilevile, ila jibu lao ni jingine.

Ninalichambua bishano hili kwa sababu naamini kosa lake liko kwenye mizani. Pande zote mbili huchukulia kwamba ushindi mmoja wa mwaka 1968 una uzito uleule wa ushindi mmoja wa mwaka 1982, kisha zinaanza kutafuta sababu za nje za kuvunja sare. Ukiyatazama mashindano yenyewe jinsi yalivyoendeshwa katika vipindi hivyo viwili, utaona kwamba magari haya hayakushinda kitu kimoja. Jina la kombe lilikuwa karibu lilelile na msimu ulikuwa uleule wa Pasaka, lakini mtihani ulikuwa umebadilika kiasi kwamba dereva wa mwaka 1963, lau angeshushwa katikati ya ule wa mwaka 1982, angetambua vumbi na ng'ombe tu.

Tuanze na mtihani wa kwanza. Safari ilizaliwa mwaka 1953 kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na tangu mwanzo njia yake ilipita katika nchi zote tatu, yaani Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuwa safari ya takribani kilomita 5,000 kwenye barabara za kawaida ambazo hazikufungwa kwa ajili ya mtu yeyote: malori ya mizigo, baiskeli, mabasi na mifugo viliendelea na shughuli zake huku washindani wakipita. Kila kipande cha njia kilipangiwa muda wa kufika, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa adhabu. Aliyekusanya adhabu chache ndiye aliyeshinda. Maana yake ni kwamba mshindani hakulazimika kumpita mtu, alilazimika kufika. Na kufika penyewe, mvua za masika zinapokuwa zimelowesha udongo mweusi wa mbuga, ule unaoganda kwenye matairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, lilikuwa jambo ambalo wengi hawakuliweza.

Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93, na yaliyofika yalikuwa 7 tena. Katika miaka hiyo miwili, basi, hata gari moja kati ya kila kumi halikuuona mwisho. Jambo ambalo wachambuzi wengi hulitaja kwa haraka, nami nadhani ndilo kiini cha upande wa 404, ni kwamba miaka yote miwili aliyetangulia katika wale saba ni mtu yuleyule, Nick Nowicki akiwa na msoma ramani wake Paddy Cliff, na miaka yote miwili walikuwa ndani ya Peugeot 404. Bahati ina sehemu yake katika mashindano ya aina hii, kwani mto unaweza kufurika dakika kumi baada ya wewe kuvuka na dakika kumi kabla mwenzako hajafika. Lakini bahati inayomchagua dereva yuleyule na gari la aina ileile katika miaka miwili migumu kuliko yote, iliyoachana kwa miaka mitano, haifai tena kuitwa bahati peke yake.

Gari lenyewe halikuwa na sura ya shujaa. Lilitoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 1960, mwili wake ukiwa umechorwa na Pininfarina, na lilikusudiwa familia na watu wa kazi wa Ufaransa. Gia yake ilikuwa kwenye shingo ya usukani. Injini yake ya silinda nne ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 1618, nayo iliwekwa kwa kuinamishwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Toleo la injeksheni, yaani lisilotumia kabureta, ambalo pampu yake ya mafuta iliendeshwa kimakanika bila umeme wowote wa ajabu, halikufikia nguvu za farasi 100. Ukimpa kijana wa leo takwimu hizi atakuuliza kama unazungumzia gari la mashindano au gari la padri.

Ubora wa 404 ulikuwa chini ya sakafu, mahali ambapo mnunuzi hapatazami. Springi zake zilikuwa na mwendo mrefu wa kupanda na kushuka, hivyo gurudumu lilifuata shimo badala ya kulipiga. Shafti ya kupeleka nguvu nyuma ilipita ndani ya bomba la chuma lililofungwa imara kwenye difu, yaani sanduku la gia la ekseli ya nyuma, na bomba hilo liliikinga dhidi ya mawe na matope kwa namna ambayo shafti iliyo wazi haikingwi. Difu lenyewe lilitumia gia ya mfano wa skrubu ya chuma cha pua ngumu inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi, mpangilio wa kizamani uliokuwa ghali kutengeneza, lakini mtulivu na mvumilivu sana. Kuta za silinda za ndani ya injini, zile ambazo mafundi wetu huziita slivu, zilikuwa za kutoa na kuweka, kwa hiyo injini iliyochoka ilifufuliwa bila kutupa bloku. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichobuniwa kwa ajili ya Safari. Vilibuniwa kwa ajili ya wakulima na barabara za vijijini, na ikatokea kwamba Safari ilikuwa barabara ya kijijini yenye urefu wa kilomita 5,000.

Hapo katikati kuna ushindi wa 1966 na 1967, ambao nahisi hautajwi inavyostahili nje ya Tanzania. Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, walishinda miaka hiyo miwili mfululizo kwa 404 ya injeksheni. Umuhimu wake katika uchambuzi huu ni wa kimantiki zaidi kuliko wa kizalendo. Iwapo ushindi wote wanne wa 404 ungekuwa wa Nowicki, mpinzani angesema kwamba aliyeshinda ni Nowicki na gari lilikuwa chombo tu. Lakini madereva ni wawili, wa nchi mbili, na matokeo ni yaleyale. Ukibadilisha dereva na jibu lisibadilike, unachobaki nacho mkononi ni gari.

Hoja hiyohiyo ndiyo inayougeukia upande wa Violet kwa ukali. Ushindi wake wote wanne ni wa Shekhar Mehta, akiwa na Mike Doughty kama msoma ramani. Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945, akahamia Kenya wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, na mwaka uliofuata alikuwa tayari ameshinda Safari kwa Datsun 240Z, tena baada ya kulingana kwa adhabu na Harry Källström aliyekuwa pia kwenye Datsun. Mtu aliyeshinda mara tano kwa magari mawili tofauti ana haki ya kudai kwamba yeye ndiye sababu. Hivyo wapinzani wa Violet husema: mtoeni Mehta, mtuambie kinachobaki.

Kinachobaki si kidogo, na hapa ndipo ninapoachana na wazee wa 404. Mwaka 1980, na tena mwaka 1981, aliyeshika nafasi ya pili nyuma ya Mehta alikuwa Rauno Aaltonen wa Finland, naye alikuwa kwenye Datsun ya familia hiyohiyo. Nje ya Afrika Mashariki, Timo Salonen alishinda kwa 160J huko New Zealand mwaka 1980, na mwaka 1981 akashinda kwa Violet GT, toleo la mashindano la gari hilohilo, nchini Ivory Coast, ambako mashindano yalikuwa na ugumu unaofanana na wetu. Gari ambalo madereva wengine wanaweza kulifikisha nafasi ya pili Nairobi na ya kwanza katika nchi nyingine haliwezi kuelezwa kwa jina la Mehta pekee. Ni kweli kwamba ushahidi huu hauna nguvu sawa na ule wa Nowicki na Shankland, kwa maana nafasi ya pili si ya kwanza, lakini unatosha kuzuia hukumu ya haraka.

Ugumu halisi wa kuilinganisha Violet na 404 uko mahali pengine, yaani katika yaliyotokea kati ya mwaka 1968 na 1979. Katika miaka hiyo kumi na moja, mambo mawili yalibadilika kwa pamoja, moja la michezo na moja la siasa.

La michezo ni kwamba viwanda vikubwa viliigundua Safari kama tangazo la biashara na kuanza kuifanyia kazi ya kiwanda. Kwa takribani miongo miwili ya mwanzo madereva wa Ulaya walikuja, wakashindwa na barabara, wakarudi makwao. Wa kwanza kutoka nje kushinda alikuwa Hannu Mikkola mwaka 1972, kwa Ford Escort. Mwaka 1973 Safari iliingizwa katika Ubingwa wa Dunia wa mbio za magari uliokuwa ukianza mwaka huohuo. Tangu hapo, wageni hawakuja tena na gari na sanduku la spea. Walikuja miezi kabla, wakaipita njia mara kadhaa na kuandika kila kona, wakapanga magari ya mafundi kila baada ya vipande vichache, na wakaweka ndege na helikopta juu ili kumwonya dereva kwa redio kuhusu lori au kundi la ng'ombe lililo mbele yake. Kampuni ya Japani, ambayo ilikuwa imeshinda mwaka 1970 kwa Datsun 1600 na mwaka 1971 kwa 240Z, iliielewa kazi hii mapema kuliko wengi.

La siasa ni kwamba Afrika Mashariki yenyewe ilivunjika. Jumuiya iliyoundwa mwaka 1967, mwaka uleule ambao Shankland alichukua kombe lake la pili, ilikufa mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Safari ilikuwa imekwisha kujikunja ndani ya Kenya tangu katikati ya miaka ya 1970. Kwa hiyo ushindi wote wa Violet ulipatikana katika nchi moja, katika kipindi ambacho dereva wa Nairobi hangeweza kuendesha hadi Arusha hata kama angetaka. Sisemi kwamba njia za Kenya zilikuwa laini. Anayejua miteremko ya Bonde la Ufa au vumbi la kuelekea kaskazini hatasema hivyo. Ninachosema ni kwamba mashindano ya nchi tatu yalimtaka mtu ajue udongo wa aina nyingi asiouzoea, na mashindano ya nchi moja yaliruhusu timu yenye fedha kuijua njia yote kwa moyo.

Violet ni zao la hali hiyo mpya. Kizazi chake kilianza kuuzwa mwaka 1977, na ukiitazama ikiwa imeegeshwa ni sedani ya mstari mnyoofu isiyo na mbwembwe, ndugu wa mbali wa 404 kwa unyenyekevu wa sura. Ekseli yake ya nyuma ilikuwa imara, ya kipande kimoja, iliyobebwa na springi za mviringo, mpangilio ambao fundi yeyote wa Eastleigh kule Nairobi au Gerezani kule Dar es Salaam angeufungua bila kitabu. Lakini toleo la mwisho la mashindano, Violet GT, lilikuwa na injini ya karibu lita mbili yenye kamshafti mbili juu na valvu 16, na nguvu zake zilipita farasi 200. Hizo ni zaidi ya mara mbili ya 404, katika mwili ambao si mkubwa kuliko wake.

Hapa pana tofauti ambayo kwangu ina uzito kuliko idadi ya farasi. Mtu aliyeingia dukani mwaka 1967 baada ya kusikia matokeo, akaomba 404 ya injeksheni, alitoka na gari ambalo kwa mambo makuu ndilo lililoshinda. Tofauti zilikuwa taa za ziada, bamba la kukinga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na vyuma vya mbele. Mtu aliyenunua Violet ya kizazi hicho alitoka na mwili wa mshindi, lakini moyo ulikuwa mwingine. Injini ile ya valvu 16 haikuwa ya kumpelekea mtu ofisini. Kwa hiyo tunaposema kwamba aina fulani ya gari imeshinda, sentensi hiyo kwa 404 ni kweli karibu neno kwa neno, na kwa Violet inahitaji maelezo.

Mtetezi wa Violet atajibu, na kwa haki, kwamba wapinzani nao walikuwa na maelezo yao. Mwaka 1979 na 1980 Mercedes-Benz ilikuja na 450 SLC 5.0, gari kubwa la silinda nane lenye bajeti inayolingana na umbo lake, na mara zote mbili likaondoka bila kombe. Mwaka 1982 aliyemfuata Mehta alikuwa Walter Röhrl kwenye Opel Ascona 400, naye Röhrl ndiye aliyeondoka na ubingwa wa dunia mwishoni mwa mwaka ule. Hakuna 404 iliyowahi kukabili kundi la wapinzani walioandaliwa namna hiyo. Katika miaka ya Nowicki na Shankland, viwanda vya nje vilivyokuja vilikuja kujaribu. Katika miaka ya Mehta vilikuja vikiwa vimejifunza. Kumshinda mtu aliyekuja amejifunza ni kazi ngumu zaidi kuliko kumshinda aliyekuja kubahatisha, na hili wazee wa 404 hulipita kimya.

Tukijaribu kuyabadilishana magari kimawazo, jambo linakuwa wazi zaidi. Iweke 404 katika njia ya mwaka 1982, na hata ukimpa Mehta usukani, atachelewa katika kila kipande kwa sababu muda uliopangwa ulipangwa kwa magari ya farasi 200. Gari litafika likiwa zima, na litafika usiku. Iweke Violet GT katika tope la mwaka 1968, bila helikopta, bila gari la mafundi, ikiwa na watu wawili, koleo na wanakijiji wa kusukuma, na nguvu zake zitageuka mzigo, kwani injini ya kasi kubwa yenye nguvu zake juu ya mizunguko mingi si rafiki wa matope yanayotaka uvutaji wa taratibu. Pengine Mehta angeitoa. Lakini nisingeweka fedha yangu hapo. Kila moja ingeshindwa katika mtihani wa mwenzake, na ingeshindwa kwa sababu ileile iliyoifanya ishinde katika wake.

Kwa misingi hii, nikitakiwa kutoa hukumu ya magari, bila madereva na bila viwanda, naipa Peugeot 404. Ilishinda ikiwa karibu na umbo lililouzwa, kwa mikono ya watu wawili tofauti, katika njia iliyopita nchi tatu, na katika miaka miwili ambayo njia hiyo ilikataa karibu kila kitu kingine. Nikitakiwa kutoa hukumu ya mafanikio ya ushindani, yaani ya gari pamoja na dereva, mafundi na mpango, naipa Violet bila kusita, kwa maana kombe nne mfululizo mbele ya viwanda vya Ujerumani vilivyojiandaa ni kazi ambayo 404 haikupata nafasi ya kujaribu. Najua wapo watakaosema kwamba kutoa hukumu mbili ni kukwepa hukumu. Nawajibu kwamba waliouliza swali moja ndio waliochanganya mambo mawili.

Linabaki suala la mtu wa leo anayetaka kununua mojawapo na kulifufua, kwa kuwa mara nyingi bishano hili huishia gereji. Kwa mtu huyo tofauti niliyoieleza ina matokeo ya shilingi. Atakayeifufua 404 kwa uaminifu atakuwa na gari la kweli la aina iliyoshinda, hasa kama ni ya injeksheni na pampu yake bado inatengenezeka. Ikishindikana, toleo la kabureta lina mwili uleule, springi zilezile na difu lilelile. Atakayefufua Violet ya kawaida atakuwa na sedani nzuri ya Kijapani ya mwishoni mwa miaka ya 1970, rahisi kwa fundi na yenye kudumu, lakini akitaka GT ya Mehta itambidi aitafute injini ambayo haikuwahi kuwekwa kwenye magari ya raia, au aridhike na rangi na namba za mlangoni. Mwaka 1983 kanuni mpya zilikuwa zimeshaanza kuisukuma Violet kando, kombe lilikwenda kwa Ari Vatanen na Opel Ascona 400, na kiwanda cha Datsun kilikuwa tayari kimehamishia nguvu zake kwenye gari jingine.